Usonji hautokani na malezi ya mama

Mtoto wa miaka mitatu haitiki akiitwa. Kutwa anapanga vifuniko vya chupa mstari mmoja, na blenda ikiwashwa anaziba masikio na kulia. Hizi zinaweza kuwa dalili za usonji (autism), hali ya ubongo inayogusa mawasiliano na tabia za mtoto. Ndugu wanamgeukia mama: ulimwachia mno dada wa kazi, hukuongea naye.

Lawama hii iliwahi kutoka kwa madaktari wenyewe. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 wenye usonji, akataja kwamba wazazi wao wengi hawakuwa wachangamfu. Wengine wakaikuza kauli hiyo mpaka mama akaonekana ndiye chanzo. Wanawake wengi waliumizwa bure, na hilo linauma hadi leo.

Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichunguza jozi 21 za mapacha nchini Uingereza. Katika jozi 11 za mapacha wanaofanana kabisa, jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji. Katika jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Mapacha hulelewa na mama yuleyule, nyumba ileile. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye urithi wa damu. Usonji huanza ubongo ukiwa bado unaumbika, na Kanner mwenyewe aliwaondolea wazazi lawama hadharani mwaka 1969.

Mtoto asiyetamka neno hata moja akifikisha miezi 16 apelekwe hospitali, apimwe na masikio pia. Msingoje kwa sababu eti wavulana huchelewa kusema.