Je, Wajua? Katika Uvimbe wa Seli Kubwa, Seli Kubwa Si Uvimbe Wenyewe

Kuna uvimbe wa mfupa unaowapata zaidi watu wa miaka 20 hadi 45, na mara nyingi huota kwenye ncha ya mfupa wa paja au wa muundi, kando kabisa ya goti. Huitwa uvimbe wa seli kubwa. Kipande chake kikitazamwa kwa hadubini, kinachovuta jicho kwanza ni seli kubwa ajabu, ambazo kila moja ina makumi ya viini, wakati mwingine zaidi ya 50, ilhali seli nyingi za mwili zina kiini kimoja tu. Mtu aliyelisikia jina, kisha akaziona seli zenyewe, hufikia hitimisho linaloonekana halina shaka: kwamba seli hizo kubwa ndizo uvimbe, kwamba zimezaana kupita kiasi, na kwamba ndizo zinazopaswa kuangamizwa.

Niliamini hivyo kwa miaka mingi, na hivyo ndivyo nilivyowaeleza watu walioniuliza hapa Mwanza. Nilikosea. Seli kubwa hazikuzaana hapo, ziliitwa. Uvimbe wenyewe ni seli ndogo zenye kiini kimoja zilizotapakaa katikati yake, ambazo hazina sura ya kumshtua mtu. Nalirekebisha kosa hili kwa kirefu kwa sababu haliishii kwenye jina: linaingia katika usomaji wa kipimo, katika upasuaji na katika dawa.

Jina lina historia ndefu. Astley Cooper, daktari wa upasuaji wa Uingereza, aliueleza uvimbe huu mwaka 1818, na mwaka 1940 Henry Jaffe na wenzake wa Marekani waliutenganisha na vivimbe vingine vya mifupa vyenye seli za namna hiyo. Ushahidi wa kijenetiki ulikuja mwaka 2013, watafiti waliposoma jeni za vivimbe 53 na kukuta badiliko moja katika jeni iitwayo H3F3A kwenye vivimbe 49. Jeni hiyo hutengeneza histoni, yaani protini ambayo uzi wa DNA huzungushiwa. Jambo la kustaajabisha ni mahali badiliko lilipokutwa: lilikuwa ndani ya seli ndogo. Seli kubwa, zile zilizoupa ugonjwa jina, hazikuwa nalo.

Sasa seli zisizo na kasoro ya jeni zinajazanaje ndani ya uvimbe? Kwetu huku kandokando ya ziwa, mfano upo mbele ya macho. Usiku wa giza, anayesimama ufukweni Igombe huona taa nyingi juu ya maji, kana kwamba kuna mji upande wa pili. Ni wavuvi wa dagaa. Zamani walitumia karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za betri au za sola, lakini kazi ni ileile: taa inaelea, dagaa wanajikusanya chini yake kwa maelfu, na wavu unapoinuliwa kinachoonekana ni dagaa tupu wakimetameta. Mtu asiyeujua uvuvi huo, akipewa picha ya wavu peke yake, ataandika habari za dagaa kuanzia mwanzo hadi mwisho na hatataja taa hata mara moja. Kumbe dagaa hao hawakuzaliwa pale, wala hawana ugonjwa wowote. Ni dagaa wa kawaida wa ziwa waliofuata mwanga, na nguvu ya usiku mzima ule iko kwenye kitu kidogo kinachowaka.

Ndani ya mfupa, mwanga huo ni protini iitwayo RANKL. Mfupa wenye afya haukai ulivyo. Kila siku sehemu zake hubomolewa na kujengwa upya, na seli zinazobomoa huitwa osteoklasti. Osteoklasti hutokana na seli nyeupe za damu ambazo, zikipokea ishara ya RANKL, huungana mbili, tatu, kumi, hadi kuwa seli moja yenye viini vingi. Katika mfupa wenye afya ishara hiyo hutolewa kwa kipimo na mahali panapohitaji ukarabati. Seli ndogo za uvimbe huitoa bila kipimo. Seli za damu hufika kwa wingi, huungana kuwa majitu, na majitu hayo hufanya kazi pekee yanayoijua, yaani kumong'onya mfupa. Hapo mfano wa dagaa unafikia mpaka wake, kwa kuwa dagaa hawaungani kuwa samaki mmoja. Lakini kwa habari ya nani anaita na nani anaitika, bado unasimama.

Kwa mgonjwa, yote haya hujitokeza kama maumivu ya kiungo yasiyoisha, uvimbe unaokua polepole, na goti au kifundo cha mkono kisichokunjika vizuri. Wengi hudhani ni teguko na huchuliwa kwa wiki nyingi. Wengine hugundua siku mfupa unapovunjika kwa kujikwaa tu. Picha ya eksirei huonyesha shimo jeusi lililoegemea upande mmoja wa ncha ya mfupa, likifika karibu kabisa na gegedu la kiungo, bila ukingo mweupe wa mfupa mgumu kulizunguka. Kwa mtu mzima ambaye mifupa yake imemaliza kurefuka, picha hiyo humfanya bingwa wa mifupa autaje ugonjwa huu mapema. Hata hivyo kuutaja si kuuthibitisha, na ndipo kinyama hukatwa na kupelekwa maabara. Kwa mtu wa Ukerewe, Sengerema au Geita, safari hiyo mara nyingi huishia kilimani, katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando.

Kwenye kioo cha hadubini ndipo kosa langu lingeweza kumdhuru mtu. Ikiwa wito wa kubomoa mfupa unaweza kutolewa na zaidi ya mwitaji mmoja, basi kuona seli kubwa hakutoshi. Tezi za parathiroidi zilizoko shingoni zikitoa homoni kupita kiasi, nazo huchochea osteoklasti, na mfupa hutoboka na kujaa seli kubwa zinazofanana sana na hizi. Mgonjwa wa namna hiyo hahitaji kufunguliwa goti. Anahitaji kutibiwa tezi. Ndiyo maana damu hupimwa kalsiamu na homoni ya parathiroidi, kipimo ambacho mtu anaweza kukiona hakihusiani na goti lake. Zipo pia saratani za mfupa zenye seli kubwa ndani yake, na huko kuchelewa ni hatari kweli.

Siku hizi kuna rangi maalumu ya maabara inayoshika badiliko lile la histoni peke yake. Ukitazama kioo kilichopakwa rangi hiyo, unaona viini vya seli ndogo vimegeuka kahawia, kimoja kimoja, kama mbegu zilizomwagwa, na katikati yake jitu lenye viini 40 limebaki buluu tupu. Sijui picha nyingine ya tiba inayojibu swali kwa uwazi kama ile. Si kila maabara ina rangi hiyo, na vivimbe vichache havina badiliko lenyewe, kwa hiyo kukosekana kwa kahawia hakufuti ugonjwa.

Uvimbe huu kwa kawaida si saratani, lakini haustahili kupuuzwa. Unaharibu mfupa pale ulipo, unaweza kurudi baada ya upasuaji, na kwa wagonjwa wachache, chini ya 10 katika kila 100, hufika hata kwenye mapafu, ndiyo maana kifua nacho hupigwa picha. Hata ukifika huko, mara nyingi hukua polepole.

Tiba kuu ni kuukwangua. Daktari hufungua dirisha pana kwenye mfupa, hukomba kilichomo, kisha husaga kuta za shimo kwa kekee ndogo inayozunguka kwa kasi, maana seli ndogo hujificha kwenye vijishimo vya ukuta. Wengine huongeza fenoli, kemikali inayounguza seli zilizobaki, au baridi kali ya naitrojeni iliyo kimiminika. Shimo hujazwa saruji ya mifupa, ambayo hutoa joto inapoganda na huupa mguu nguvu ya kubeba uzito mapema. Tafiti za zamani za kukwangua bila nyongeza hizo ziliona uvimbe ukirudi kwa kati ya robo na nusu ya wagonjwa. Kwa nyongeza, hali ni bora, ingawa wagonjwa wa tafiti hizo hawakuwa wa aina moja na ni vigumu kusema ni nyongeza ipi iliyosaidia zaidi. Mfupa ukiwa umeharibika mno, ncha nzima huondolewa na kuwekwa kiungo bandia. Kwenye kifundo cha mkono, daktari anaweza kupachika kipande cha mfupa mwembamba wa mguu wa mgonjwa mwenyewe.

Kuna ugonjwa wa jina la karibu unaoota kwenye utando wa ndani wa kiungo, hasa goti. Nao una seli kubwa, na nao seli zenye kasoro ni chache, kati ya asilimia 2 na 16 katika utafiti wa mwaka 2006. Taa yake ni nyingine, protini iitwayo CSF1, kwa hiyo dawa zake pia ni nyingine.

Kuhusu mfupa, dawa inayoelezeka vizuri kwa mfano wa dagaa ni denosumabu, iliyoidhinishwa Marekani kwa uvimbe huu mwaka 2013. Ni sindano ya miligramu 120 chini ya ngozi kila wiki 4, pamoja na dozi mbili za ziada mwezi wa kwanza, na mgonjwa hupewa kalsiamu na vitamini D kwa sababu kalsiamu ya damu inaweza kushuka. Dawa hii hushikamana na RANKL. Ni sawa na kuifunika taa kwa ndoo: dagaa wanatawanyika, maji yanatulia, na anayetazama kutoka ufukweni anaapa kwamba hakuna chombo pale. Maumivu hupungua, mfupa mpya huota pembezoni, na uvimbe usioweza kukatwa, kama ule wa nyonga, unaweza kuzuiwa kwa miaka. Lakini taa inawaka ndani ya ndoo. Seli ndogo hupunguza kasi bila kwisha, na dawa ikisimamishwa uvimbe unaweza kuamka. Baadhi ya madaktari wameripoti pia kwamba waliopewa dawa kabla ya kukwanguliwa walirudiwa na uvimbe zaidi kuliko wengine, pengine kwa sababu mfupa mpya huzificha seli ndogo, pengine kwa sababu waliopewa dawa ndio waliokuwa na vivimbe vibaya tangu mwanzo. Ushahidi uliopo hautenganishi sababu hizo mbili vizuri.

Kinyama cha mgonjwa aliyetibiwa kwa denosumabu kinaweza kufika maabara kikiwa hakina seli kubwa hata moja, bali seli ndogo na nyuzi za mfupa mchanga, sura inayoweza kufananishwa na saratani ya mfupa. Kwa hiyo ile fomu inayoambatana na chupa ya kinyama lazima iseme kwamba mgonjwa ameshachomwa dawa hiyo, na tangu lini.