Kupima hatari na faida za kimazingira za uchimbaji wa mafuta baharini: maana yake

Kupima hatari na faida za kimazingira za uchimbaji wa mafuta baharini ni kazi ya kuuliza, kabla kisima hakijachorongwa, mazingira yatapoteza nini na yatapata nini, kwa kiasi gani, mahali gani na kwa muda gani, kisha kuamua kama kinachopatikana kinatosha kuhalalisha kinachowekwa rehani. Katika ufafanuzi huo kuna neno ambalo wengi hulipita haraka, nalo ni "kimazingira". Mrabaha, kodi, ajira na fedha za kigeni ni faida, na hakuna anayezikataa, lakini si faida za kimazingira. Hizo zina mizani yake. Mjadala unaochanganya mizani hizo mbili huishia kulinganisha shilingi na matumbawe, na kwa kuwa shilingi huhesabika kwa urahisi kuliko matumbawe, mshindi hujulikana mapema.

Jambo la pili la kutenganisha ni athari na hatari. Athari ni kile chenye hakika ya kutokea mradi ukiendelea kama ulivyopangwa: kishindo cha mizinga ya hewa inayofyatuliwa na meli za utafiti wa mitetemo ili kupata picha ya miamba iliyo chini ya sakafu ya bahari, tope la kuchorongea na chembechembe za mwamba zinazotua juu ya viumbe wa sakafuni, maji ya chumvi yanayopanda pamoja na mafuta na ambayo lazima yasafishwe kabla ya kumwagwa, na moshi wa mwenge unaochoma gesi isiyotakiwa. Haya yanajulikana, yanapimika, na kwa kiasi kikubwa yanapunguzika kwa sheria na usimamizi. Hatari ni kile ambacho huenda kisitokee kabisa, lakini kikitokea hubadilisha hesabu yote. Kwa maoni yangu, ugumu wa mizani hii umo zaidi katika hili la pili.

Mfano unaofundisha kuliko mingine ni kisima cha Macondo katika Ghuba ya Mexico, yapata kilomita 66 kutoka pwani ya Louisiana, mahali ambapo kina cha maji ni takriban mita 1,500. Usiku wa tarehe 20 Aprili 2010, gesi na mafuta vilipenya saruji iliyomiminwa chini ya kisima, vikapanda hadi kwenye jukwaa la kuchorongea la Deepwater Horizon na kulipuka, wafanyakazi 11 wakapoteza maisha. Juu ya mdomo wa kisima, kwenye sakafu ya bahari, palikuwa na mtambo mzito wa vali na visu vya chuma uliowekwa kwa ajili ya siku kama hiyo, kazi yake ikiwa ni kulikata bomba na kukiziba kisima. Visu havikuweza kuziba, kwa kuwa bomba lilikuwa limepinda na halikukaa katikati ya makali. Saa chache kabla ya hapo, kipimo cha shinikizo kilichofanywa ili kuhakikisha kwamba kisima kimezibika kilionyesha dalili mbaya, nazo zikasomwa kana kwamba ni nzuri. Mafuta yalitoka kwa siku 87. Serikali ya Marekani ilikadiria mapipa milioni 4.9, na mahakama baadaye ikaamua kwamba yaliyoingia baharini ni mapipa milioni 3.19, kwa kipindi fulani zaidi ya thuluthi moja ya maji ya Ghuba yaliyo chini ya serikali kuu ya Marekani yalifungwa kwa wavuvi, na zaidi ya kilomita 2,000 za ufukwe zilichafuka.

Nimeyaeleza ya bomba na visu kwa kirefu kwa makusudi. Saruji ni kinga, kipimo cha shinikizo ni kinga, mtambo wa vali ni kinga, na kwenye karatasi kila kinga huhesabiwa kana kwamba inasimama peke yake, hivyo uwezekano wa zote kushindwa kwa pamoja huonekana mdogo mno. Lakini kinga hizo zinaendeshwa na watu walewale, chini ya ratiba ileile na mkandarasi yuleyule, na haraka inayolegeza moja huilegeza na ya pili.

Hata uwezekano mdogo una hesabu yake. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba uwezekano wa ajali kubwa katika eneo fulani ni asilimia moja kwa mwaka. Anayesikia hivyo huona jambo lenyewe ni la mbali. Lakini uzalishaji huweza kudumu miaka 25, na katika miaka hiyo uwezekano wa ajali kutokea angalau mara moja unafikia karibu asilimia 22. Kwa hiyo msomaji wa ripoti yoyote ya namna hii anapokutana na uwezekano ulioandikwa kwa mwaka mmoja, anapaswa kuuliza mradi utadumu miaka mingapi na utakuwa na visima vingapi.

Uzito wa hasara nao hutegemea mahali. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote nchini Tanzania, na eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Humo wamo kasa, nguva wachache waliosalia, na papa potwe wanaoonekana karibu na Mafia. Mtu akisimama kwenye tope chini ya mchu wakati maji yamekupwa, ataona vijiti vilivyosimama wima, maelfu kwa maelfu, vikichomoza kama kimo cha kiganja. Hiyo ni mizizi ya kupumulia, nayo ina vitundu vidogo vya kuingizia hewa kwa sababu tope lenyewe halina hewa. Mafuta mazito yakiingia na maji ya bamvua hubaki juu ya vijiti hivyo maji yanapokupwa, huziba vitundu, na mti hufa polepole kwa kukosa pumzi. Yale yaliyozama kwenye tope huweza kukaa miaka mingi, maana mahali pasipo na hewa bakteria wanaokula mafuta hufanya kazi kidogo sana. Mwamba wa pwani unaopigwa na mawimbi hujisafisha mapema zaidi. Pipa lilelile moja, basi, lina uzito tofauti likimwagika mbele ya jabali na likimwagika mbele ya mikoko.

Haki inadai niongeze hapa kwamba kilichogunduliwa katika bahari ya Tanzania hadi sasa ni gesi asilia, kuanzia Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982 hadi vitalu vya kina kirefu katika muongo wa 2010, na gesi ikivuja haigandi kwenye mizizi kama yanavyoganda mafuta. Si sahihi kuichukua picha ya Macondo yote na kuibandika juu ya kisima cha gesi. Lakini mafuta ni mafuta, na anayetafuta hajui atakachokipata mpaka achoronge.

Sasa tugeukie faida, ambazo watetezi wa mazingira mara nyingine huzikataa bila kuzisikiliza. Ya kwanza inatoka Coal Oil Point, karibu na Santa Barbara katika jimbo la California, ambako mafuta huvuja yenyewe kutoka nyufa za sakafu ya bahari, yapata mapipa 100 kwa siku, bila ya mtu kuchimba. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba uvujaji huo ulipungua karibu na jukwaa la Holly, kwa maelezo kwamba uchimbaji ulikuwa umepunguza shinikizo lililokuwa likiyasukuma mafuta juu. Hii ni faida ya kweli ya kimazingira, na mantiki yake ni safi. Mipaka yake ni safi pia: inahusu hifadhi ya mafuta isiyo na kina kirefu, yenye nyufa zinazovuja tayari, na pasipo na nyufa hakuna uvujaji wa kupunguzwa. Tena ni katika mlangobahari huohuo wa Santa Barbara ambako kisima cha jukwaa A kililipuka tarehe 28 Januari 1969 na kumwaga mapipa yanayokadiriwa kuwa kati ya 80,000 na 100,000. Ajali hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyosukuma kupatikana kwa sheria ya Marekani iliyotiwa saini tarehe 1 Januari 1970, ambayo ndiyo chimbuko la tathmini ya athari kwa mazingira tunayoijua leo.

Faida ya pili ni miguu ya majukwaa. Chuma kikikaa baharini miaka michache huota kome, sifongo na matumbawe, na samaki hukusanyika. Katika Ghuba ya Mexico majukwaa zaidi ya 500 yaliyomaliza kazi yameachwa au kulazwa baharini rasmi ili yawe miamba bandia. Wavuvi wa huko wanayapenda, na sina sababu ya kuwabishia. Ila hii ni faida inayosaidia kuamua namna ya kumaliza mradi, si kama uanze. Penye sakafu tupu ya mchanga, mguu wa chuma huongeza makazi ya viumbe. Penye miamba hai ya matumbawe, kama ilivyo sehemu kubwa ya pwani yetu, kilichokuwa kikikosekana si chuma.

Ya tatu husemwa sana: nchi ikichimba mafuta yake baharini, itapunguza meli za mafuta zinazopita, na meli ni chanzo kikubwa cha uchafuzi. Kwamba meli ni hatari, ni kweli kabisa. Mwaka 2020 meli ya Wakashio, iliyokwama kwenye matumbawe ya Mauritius, haikuwa hata imebeba mafuta kama shehena, na bado mafuta ya injini zake yapatayo tani 1,000 yalitosha kuchafua rasi na mikoko. Lakini hoja yenyewe inasimama pale tu mafuta ghafi yanaposafishwa na kutumika karibu na yanapochimbwa. Kiwanda cha Mombasa kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na Tanzania haina kiwanda cha kazi hiyo. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, Tanga, kwa sababu mafuta yale yanakwenda kupakiwa melini. Kisima cha baharini kikianza kesho katika hali hii, kitaongeza meli za kupeleka mafuta ghafi nje bila ya kupunguza zinazoleta petroli.

Nzito zaidi kwangu ni faida ya gesi kuchukua nafasi ya nishati chafu zaidi. Gesi ya Songo Songo ilianza kutumika mwaka 2004 katika mitambo ya umeme ya Ubungo, Dar es Salaam, na kila uniti ya umeme iliyozalishwa kwa gesi badala ya dizeli au mafuta mazito ilikuwa na masizi na kaboni pungufu. Mizani hii nayo hugeuka ikiwa gesi inavuja njiani, kwa sababu methani, katika kipindi cha miaka 20, hupasha hewa joto takriban mara 80 kuliko uzito uleule wa kabonidioksaidi. Na hugeuka tena ikiwa gesi inachukua nafasi ya maji, jua au upepo, si ya dizeli.

Hapo ndipo ilipo roho ya dhana yenyewe. Hakuna faida ya kimazingira inayosimama bila ya swali "ikilinganishwa na nini?" Ikilinganishwa na kuni na mkaa, na dizeli, na makaa ya mawe, au na kuiacha bahari ilivyo? Kila jibu lina mizani yake, na mwandishi wa ripoti anayechagua mlinganisho mbovu kuliko yote huweza kuufanya mradi wowote uonekane rafiki wa mazingira. Linafuatia swali la nani anabeba: hewa safi ya Dar es Salaam hupumuliwa Dar es Salaam, ilhali tope likichafuka Kilwa, anayekosa pweza ni mama aliyeamka kuwahi bamvua.

Nchini Tanzania kazi hii hufanyika kwa jina la Tathmini ya Athari kwa Mazingira, inayotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kusimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Kenya inayo chini ya sheria yake ya mwaka 1999. Sheria zote mbili zinatambua kanuni ya tahadhari, kwamba kukosekana kwa uhakika wa kisayansi si kisingizio cha kuacha kuzuia madhara makubwa, na zinatoa nafasi kwa wananchi kusikilizwa. Nafasi hiyo hutumika vizuri na anayejua cha kutafuta. Mkondo wa bahari wa pwani yetu huelekea kaskazini, kwa nguvu zaidi wakati wa kusi, na hupungua kasi kaskazi inapovuma; kwa hiyo mafuta yaliyomwagika karibu na Kilwa mwezi Julai hayawezi kuchukuliwa kuwa yatakwenda yanakokwenda ya mwezi Januari. Ripoti iliyochora safari ya mafuta kwa msimu mmoja imepima nusu ya hatari. Mwananchi aliyeketi kwenye mkutano wa kijiji ana haki ya kuuliza michoro ile ni ya miezi gani, vifaa vya kuzingira mafuta vimehifadhiwa bandari ipi, vitachukua saa ngapi kufika, na mtambo wa kuziba kisima kilicholipuka utatoka nchi gani. Louisiana, yenye maelfu ya vyombo jirani na sekta nzima ya mafuta mlangoni, ilingoja siku 87.