Gesti kwenye jumba la zamani Mji Mkongwe: rangi na vitanda havitoshi

Eti ukichukua jumba la kale Mji Mkongwe wa Zanzibar ulifanye gesti na mgahawa, kazi ni kupaka rangi, kung'arisha mlango wa njumu na kutia vitanda vya Kizanzibari, basi. Wapi! Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu zimelala juu ya boriti za mikoko, ndo maana vyumba vingi vyembamba, upana wake unafuata urefu wa boriti.

Eti chokaa imepitwa na wakati, piga saruji ukuta udumu. Hapa ndo wengi wanapoumia maana ukuta wa chokaa unapumua, unyevu unaingia na kutoka, ukiuziba kwa saruji maji yanabaki ndani na chumvi inasukuma plasta mpaka inabanduka, halafu mtu anaongeza saruji tena juu yake!

Halafu bafu kila chumba. Wageni wanataka, sawa, ila nyumba haikujengwa na mabomba ghorofani. Bomba likivuja kidogo tu maji yanafuata ncha ya boriti pale ilipoingia ukutani, huioni, inaoza taratibu. Bora mabafu yapangwe moja juu ya jingine na mabomba yapite mahali panapofunguka. Mgahawa wa juu nao watu wanasahau kwamba tangi la lita 1,000 likijaa maji yake peke yake ni tani nzima, bado jiko, bado wateja. Mie jiko ningeliweka chini, wahudumu wanilaani na ngazi zao.

Na wale wa "limesimama miaka yote hiyo haliwezi kuanguka", jumba la Beit al-Ajaib la 1883, hapo hapo Mji Mkongwe, liliporomoka upande mmoja Desemba 2020, tena likiwa kwenye ukarabati.

Eti Mji Mkongwe ni urithi wa dunia (tangu 2000), haliguswi jengo. Mbona hoteli ya Serena ilikuwa jengo la simu na nyumba ya madaktari wa Kichina, na hoteli ya Africa House ilikuwa klabu ya Waingereza? Kubadili matumizi inawezekana, ila kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe kwanza, fundi baadaye. Pale Mambo Msiige, jumba la kale lililofanywa hoteli, maneno yalifika mpaka UNESCO, na shida kubwa ilikuwa jengo jipya lililoongezwa pembeni.

Kabla hujakubaliana bei, mpeleke fundi anayejua chokaa akazigonge ncha za boriti, hasa chini ya vyoo.