Ati grenda inakata kila kitu?

"Grenda ni moja, wewe badilisha jiwe tu." Kauli hii nimeisikia karakana nyingi, na inanitisha kwa sababu nusu yake ni kweli. Jiwe ni kile kisahani cha kusagia na kukatia ambacho grenda, mashine ya umeme ya kushika mkononi, hukizungusha. Grenda inakata nondo, bomba, engo (chuma cha pembe), hata vigae. Ila fundi anapofunga humo msumeno wa meno (kisahani chenye meno) wa kukatia mbao, ameshika hatari ambayo glovu haiwezi kuizuia.

Tazama mashine zenyewe. Grenda ndogo ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Msumeno duara wa mkono wa milimita 185 huzunguka kama mara 5,000 hadi 5,800, tena una bamba pana linalolala juu ya mbao, na gadi ya springi inayofunika meno mara yanapotoka kwenye mbao. Grenda haina vitu hivyo. Jiwe husaga chuma punje kwa punje, lakini jino huuma. Likikutana na kifundo cha mninga, au mbao ikibana, mashine nzima inamrukia aliyeishika. Grenda nyingi zina swichi ya kusukuma inayobaki imewaka, kwa hiyo hata ikikuponyoka inaendelea kuzunguka. Na wapo wanaong'oa gadi ili msumeno mkubwa uenee! Mbao ikatwe kwa msumeno duara, na mikato ya kupinda kwa jigso, mashine yenye msumeno mwembamba unaopanda na kushuka. Kama huna, chukua msumeno wa mkono usio na mota.

Dhana nyingine iko juu ya paa: bati ni jembamba, lipitishe grenda umalize. Bati la rangi lina tabaka la zinki chini ya rangi. Joto la jiwe huunguza vyote viwili kando ya mkato, na cheche, ambazo ni chembe za chuma zenye moto, hunasa kwenye rangi. Mvua chache tu, paa jipya lina vidoadoa vya kutu kama limenyunyiziwa chai. Inaniuma kuliona, maana mwenye nyumba amelipia bati zuri. Mkasi wa bati ungetosha.

Wengine huamini kwamba msumeno wenye meno mengi ndio mkali. Kupasua mbao kwa urefu, meno 24 yanakwenda vizuri kwa sababu unga unapata pa kutokea. Ukiweka msumeno wa meno 60, mbao inaungua. Huo wa 60 ni wa kukata plaiwudi au kona za fremu. Alumini nayo haitaki jiwe la kawaida, inaliziba. Mafundi wa madirisha hutumia msumeno wa meno mengi yenye ncha za kabaidi, yaani madini magumu sana.

Kwenye chuma, angalieni sana mashine za mezani za milimita 355. Kwa sura zinafanana, lakini ya jiwe huzunguka karibu mara 3,800 kwa dakika, na ya meno ya kabaidi kama 1,300. Msumeno wa meno ukifungwa kwenye ile ya jiwe, ncha zinaweza kung'oka na kuruka kama risasi. Soma kasi ya juu iliyoandikwa kwenye msumeno kabla ya kukaza nati.

Na jiwe, kinyume na wengi wanavyodhani, huisha muda hata likiwa halijatumika. Tarehe imepigwa kwenye pete ya chuma katikati, kwa kawaida miaka 3 tangu litengenezwe, kwa kuwa gundi inayoshika punje hudhoofika, hasa kwa unyevu. Lililopitwa na tarehe, au lililolowa, livunje ulitupe, asije kijana wa karakana akaliokota.