Je, wajua kwa nini kuegesha kwenye mteremko huua friji ya gesi?

Marekani na Kanada kuna watu wanaobeba chumba kizima kwenye bodi ya pikapu: kitanda, jiko, sinki na friji. Wakifika kambini, kazi ya kwanza ni kulisawazisha gari. Kulala kichwa kikiwa chini ya miguu ni kero, lakini kinachotafuna pesa ni friji.

Friji nyingi za vyumba hivi hutumia gesi na hazina kompresa. Moto mdogo huchemsha maji yenye amonia. Mvuke wa amonia hupanda, hupoa na kuwa kimiminika, kisha huteremka hadi penye haidrojeni, ambako hugeuka mvuke tena na kufyonza joto la chakula. Maji huinyonya amonia hiyo na kurudi nayo chini kwenye chungu cha kuchemshia. Safari yote ya kurudi hutegemea mteremko mdogo wa mabomba. Wasweden Baltzar von Platen na Carl Munters walibuni mtambo huu mwaka 1922. Friji za mafuta ya taa zilizotunza chanjo katika zahanati za vijijini ni za ukoo huohuo, nazo zilitaka sakafu iliyonyooka.

Gari likiinama, kimiminika hutuama njiani. Chungu hukaukiwa huku moto unawaka. Kromati ya sodiamu, iliyotiwa kuzuia kutu, hujitenga, huganda na kuziba kibomba chembamba, na haizibuki. Friji haifi usiku huo. Uchafu huongezeka kidogo kidogo kila unapoegesha vibaya, ndiyo maana wengi humlaumu fundi. Ukikuta unga wa njano nyuma yake, au harufu ya amonia, mtambo umeshavuja: zima friji, fungua madirisha.

Kikomo cha kawaida ni digrii 3 kulia na kushoto, 6 mbele na nyuma, lakini ukiwa umeitazama friji usoni. Hapo wengi hukosea. Friji ikiwa imefungwa kwenye ukuta wa ubavuni, kulia na kushoto kwake ni mbele na nyuma kwa gari. Kwa hiyo pua ya gari kunyanyuka au kuinama ndiyo hatari zaidi.

Weka pima maji ndani ya friji, si kwenye dashibodi, kwa kuwa mzigo huibonyeza pikapu nyuma. Kiputo hukimbilia upande ulio juu. Tuseme pima maji ni ya sentimita 60 na inabidi uinue ncha yake ya nyuma sentimita 2 ili kiputo kikae katikati. Kama kati ya ekseli mbili kuna mita 4, gawanya 400 kwa 60, zidisha mara 2: tairi za nyuma zinahitaji kupanda takribani sentimita 13. Mbao tatu za unene wa sentimita 3.8 zinakupa 11.4, na inatosha kabisa. Zipange kama ngazi, ya chini ndefu kuliko zote, kisha panda taratibu. Anza na kulia na kushoto, ndipo umalizie mbele na nyuma. Tairi pacha zikanyage ubao zote mbili. Ikikanyaga moja tu, hubeba mzigo wa mwenzake na inaweza kupasuka.

Usinyanyue tairi za nyuma kwa jeki. Hendibreki hushika tairi hizo, kwa hiyo zikiwa hewani gari linaweza kuondoka. Weka kabari, au jiwe kama afanyavyo utingo, kwenye tairi zinazobaki chini. Miguu ya pembeni ya chumba nayo ni ya kukishusha kutoka kwenye pikapu. Ukiinulia gari zima, utang'oa vifungio vyake.

Mbao zikiisha na bado kiputo kiko pembeni, zima friji hadi asubuhi. Mwinamo bila moto hauidhuru. Safarini pia usihofu: gari huyumba huku na huku, kimiminika hakipati nafasi ya kutuama.