Lenzi pana haileti kina

Nimeulizwa tena, chini ya picha ya majabali: "Kaka, ninunue lenzi ya milimita ngapi ili picha zangu ziwe na kina, yaani zionyeshe umbali kati ya vitu vya mbele na vya nyuma?" Usinunue chochote. Kina kinatokana na mahali ulipoiweka kamera.

Chukua majabali mawili yanayolingana, moja likiwa mita 2 kutoka kwako, jingine mita 20. La nyuma liko mbali mara 10, kwa hiyo linaonekana dogo mara 10, na jicho linahisi umbali. Sasa rudi nyuma mita 18. Moja liko mita 20, jingine 38, tofauti haifiki hata mara 2. Iwe lenzi pana ya milimita 16 au ndefu ya 200, uwiano huo haubadiliki. Jaribu mwenyewe: simama palepale, piga kwa lenzi zote mbili, kisha ikate ile picha pana mpaka ilingane na nyingine. Majabali yatakuwa yamepangana vilevile. Lenzi pana inakuruhusu tu usogee karibu bila kukipoteza kilima cha nyuma. Asiyesogea anaambulia jabali dogo, anga kubwa, na uwanda mtupu katikati.

Kinachoniudhi zaidi ni ule ushauri wa "chuchumaa". Itale ya Dodoma ni kijivu juu ya kijivu. Ukichuchumaa, ardhi iliyo kati ya jabali na jabali inatoweka na mawe yanagandana kuwa lundo moja. Na kina kinakaa kwenye ardhi hiyohiyo: nyasi kavu, kivuli cha mbuyu, njia ya mbuzi. Inua kamera kifuani, hata juu ya kichwa, mpaka uone ardhi ikipita kati ya ukingo wa jabali hili na lile. Likibaki limegusana na jenzake, sogea hatua moja kushoto au kulia, usiguse lenzi. Shuka chini pale tu jiwe la mbele lina kitu cha kuonyesha, kama ufa unaoelekea kilimani.

Na ili kila kitu kiwe kikali, f/22 achaneni nayo (namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi, ikiwa kubwa tundu ni dogo): tundu dogo hivyo linafifisha ukali wa picha nzima. Kwa milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili (kihisi chake ni sawa na filamu ya milimita 35), f/11, fokasi mita 1.8, unapata ukali kuanzia kama mita 0.9 hadi upeo wa macho. Na fikeni mapema: tuko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, jua linashuka karibu wima, mwanga wa ubavuni haudumu.

Ila kuna jambo linanisumbua. Pale Kolo, Kondoa, mkoani Dodoma, kwenye miamba yenye michoro iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, tazama mashariki kuelekea Nyika ya Wamasai wakati wa kiangazi. Vumbi linaufifisha uwanda tabaka kwa tabaka. Lenzi ndefu, hakuna jiwe la mbele, na kina kipo tele. Hesabu yangu ya mita 2 na 20 hailielezi hilo. Nashuku sisi tunaofundisha tumelitukuza mno jiwe la mbele, na siku hizi nawaambia wanafunzi wapige kwanza bila hilo jiwe, ndipo waamue kama wanalihitaji.