Maji Ndani ya Injini ya Boti: Yanayoaminika na Ukweli Wake

Injini ya boti inayofungwa nyuma ya chombo hupoozwa kwa maji yale yale ambayo chombo kinaelea juu yake. Pampu iliyo juu ya giaboksi huyavuta na kuyapandisha hadi kwenye silinda, yakazunguka mara moja, kisha yakashuka na kutoka nje pamoja na moshi. Maji kuwamo ndani ya injini, kwa hiyo, ni jambo la kawaida, na hitilafu huanza pale yanapovuka gasketi (kizibo chembamba kati ya vipande viwili vya chuma) au sili (kizibo kinachozunguka shafti) na kufika penye oili au penye mwako. Makosa mengi ya uchunguzi hutokana na kudhani kwamba mahali maji yanapoonekana ndipo yalipoingilia.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba mchirizi wa maji ukitoka kwa nguvu pembeni mwa injini, mfumo wote wa maji ni mzima. Mchirizi huo huthibitisha tu kwamba pampu inapandisha maji, na unaweza kuwa na nguvu kabisa ilhali gasketi ya kichwa cha silinda imekwisha kuliwa na chumvi. Vivyo hivyo, mchirizi dhaifu hautoshi kuihukumu pampu, kwa kuwa mara nyingi kijitundu unakotokea kimeziba kwa mchanga au chumvi, na waya mwembamba humaliza tatizo. Wengine hushtuka kuona maji yakidondoka chini ya injini baada ya kuzimwa, lakini hayo ni maji ya kupoozea yanayoshuka, wala si uvujaji.

Oili ya giaboksi ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, wapo wanaokimbilia kufungua kichwa cha silinda. Hiyo ni kazi bure, kwa sababu oili ya giaboksi haichanganyiki na ya injini. Maji huingilia kwenye sili za shafti ya propela, hasa mshipi wa kuvulia ukijisokota nyuma ya propela na kuikata sili, na pia kwenye sili ya shafti inayoshuka kutoka juu, sili ya fimbo ya kubadilishia gia, au washa za skrubu za oili ambazo hazikubadilishwa. Injini ikiachwa imesimama wima usiku kucha, ukilegeza kidogo skrubu ya chini maji yaliyojitenga hutangulia kutoka, kwa kuwa ni mazito kuliko oili. Baada ya kumwaga oili, giaboksi hujazwa hewa kwa pampu ya mkono yenye geji, bila kuvuka kiwango cha kitabu cha injini, na sili hupakwa maji ya sabuni huku shafti zikizungushwa polepole, ili mapovu yaonyeshe penye uvujaji. Kipimo cha kunyonya hewa nacho kisirukwe, maana sili inaweza kuzuia msukumo wa kutoka ndani na bado ikapitisha maji kutoka nje.

Katika injini ya mipigo minne, ukungu mweupe chini ya kifuniko cha oili hauthibitishi kwamba bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, imepasuka. Injini inayoendeshwa kwa muda mfupi bila kupata joto kamili hukusanya unyevu. Oili ibadilishwe, injini iendeshwe hadi ipate joto lake la kazi, kisha ikaguliwe tena. Kina cha oili kikiongezeka na kunuka petroli, tatizo liko upande wa mafuta.

Dhana inayowapotosha hata mafundi wazoefu ni kwamba mgandamizo mzuri wa silinda unamaanisha gasketi zote ni nzima. Katika injini ya mipigo miwili, maji yanaweza kupenya gasketi ya kifuniko cha njia ya moshi na kurudi kwenye silinda kupitia njia ya moshi, ambako geji ya mgandamizo haioni chochote. Plagi husema zaidi, mradi zipangwe kwa mfuatano wa silinda zake. Moja ikiwa na maji au kutu, na kichwa cha pistoni yake kikang'aa bila masizi, uvujaji uko kwenye silinda hiyo. Zote zikiwa na maji, chukua kwanza petroli kidogo kwenye chupa angavu, uiache itulie, uone kama maji yanatuama chini. Ndipo silinda ijazwe hewa pistoni ikiwa juu kabisa. Hewa ikitokea kwenye njia za maji, gasketi ya kichwa imekufa au chuma kimepasuka.

Kukaza boliti za kichwa hakuponyi gasketi iliyoliwa, na dawa za kuzibia rejeta hazina kazi kwenye maji yanayopita mara moja na kutoka.

Hatari kubwa iko katika kuiwasha kwa nguvu injini yenye maji kwenye silinda ili “iyateme”. Maji hayagandamiziki, na fimbo ya pistoni inaweza kupinda papo hapo. Ondoa plagi zote kwanza, zungusha kwa mkono hadi maji yaishe, kisha nyunyiza oili kwenye kila silinda na uzungushe tena, kwa sababu maji ya chumvi huanza kutia kutu beringi ndani ya saa chache, hata kama matengenezo yenyewe yatasubiri hadi kesho.